Nyumbani Naitwa Daktari, Chuoni Kemia Imenikataa

BARUA

Bi Nasaha, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, mkaazi wa Kisauni, Mombasa, niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Pwani. Nasomea shahada ya biokemia. Nakuandikia usiku watu wakiwa wamelala, maana mchana nyumba yetu haina pembe ya mtu kukaa akawaza.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata A-. Mamangu alipika pilau, mtaa mzima ukala. Ombi langu la kwanza lilikuwa udaktari, lakini pointi hazikufika, na KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, ikanipeleka biokemia, kozi niliyoijaza chini kabisa kwenye orodha bila kujua hasa ni kitu gani. Habari ilipofika nyumbani, jirani mmoja anayejifanya mjuzi wa kila jambo akasema, "Hiyo ndiyo wanayoanza nayo madaktari." Mama akashika hapo hapo. Tangu siku ile mimi ni daktari. Harusini natambulishwa daktari. Kuna nyumba ilileta posa mwaka jana, na mshenga alitaja udaktari wangu kabla hajataja jina langu. Nimejaribu kueleza kwamba biokemia ni kusoma kemia ya vitu vyenye uhai, hakuna kutibu mtu hapo. Mama huitikia, "Ehe, ehe, nimeelewa," kisha namsikia kwenye simu akimwambia shangazi kwamba karibu namaliza udaktari. Nilichoka, nikanyamaza.

Mama anakaanga viazi karai na bajia kando ya barabara kila jioni. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Nasoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na kile anachotuma ami yangu, ndugu wa baba, aliyeko Maskati.

Sasa shida yenyewe. Inaitwa Kemia Ogani ya Pili. Masomo mengine napita, na mengine napita vizuri tu. Somo la umetaboli, yaani jinsi mwili unavyovunja na kujenga vitu, nilipata B, na hatua zote 10 za glikolisisi, ile njia ya seli kuvunja glukosi, naweza kukutajia huku nasukuma mkokoteni. Lakini hii kemia ogani nilipata 31, nikafanya sapu, ule mtihani wa marudio, nikapata 37, na kupita ni 40. Si kwamba sisomi. Nakesha. Kila mmenyuko nanakili na mishale yake mara tano, mara kumi, hadi nauona nikifumba macho. Nikiingia mtihanini wanaleta molekuli ambayo sijawahi kuiona na mimi nakaa kama mtu ambaye hakuwahi kufungua daftari. Kwenye sapu kulikuwa na swali zima la aldoli, mmenyuko wa kuunganisha molekuli mbili, alama 20. Ile ya daftarini naijua kama jina langu. Waliyoleta ilikuwa imegeuzwa, imeongezwa mkia huku na duara kule. Niliandika ya daftarini, maana ndiyo niliyokuwa nayo.

Matokeo yake nirudie somo zima mwakani pamoja na darasa la nyuma yetu, na kuna masomo mawili ya mwaka wa nne siwezi kuyachukua kabla ya kulipita hilo. Wenzangu watavaa majoho nami bado nipo.

Na usidhani sipendi ninachosoma. Mwaka wa pili tulifanya jaribio la mate. Unatema mate kwenye kikombe, unayazimua, unayachanganya na uji mwepesi wa wanga. Mbele yako una kigae cheupe chenye vishimo, kila kishimo kina tone la ayodini. Kila baada ya nusu dakika unachukua tone la ule mchanganyiko unaliweka kwenye kishimo kinachofuata. Cha kwanza kinakuwa buluu karibu na weusi. Cha pili hivyohivyo. Halafu zambarau, halafu rangi ya chai, halafu ayodini inabaki na manjano yake, haibadiliki tena. Wanga umekwisha, umeliwa na mate yangu mwenyewe mbele ya macho yangu. Yale mate tuliyochemsha hayakufanya chochote, vishimo vyake vilibaki buluu hadi mwisho. Wenzangu walikuwa wanakimbilia matatu, mimi nikaomba kurudia. Chumba hakikuwa na feni inayofanya kazi, na sikuona joto.

Binamu yangu anasoma chuo hichohicho, akamwambia ami kwamba nimeanguka. Ami akanipigia. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, wacha hiyo kitu. Nenda KMTC, chuo cha tiba, usomee afisa wa kliniki, miaka 3, nitalipa mimi kila kitu. Angalau utavaa koti jeupe na mamako hataaibika. Lakini nipe jibu kabla ya mwezi kwisha, maana pesa nikishaziingiza kwenye ujenzi hazitoki tena." Mama hajui chochote, si kuanguka wala ahadi ya ami.

Kilichonisukuma kuandika ni jirani yetu, mama mtu mzima mwenye kisukari. Juzi alikuja na mashine yake ya kupimia sukari, inaonyesha 14, yaani imepanda. Akaniuliza kama aongeze kidonge. Bi Nasaha, najua glukosi inaingiaje kwenye seli, najua insulini inafanya nini, naweza kukuchorea. Lakini kidonge kimoja au viwili sijui, na wala si kazi yangu kujua. Nikamwambia aende kliniki asubuhi. Akaondoka amenuna, akasema nje ya mlango, "Wamesoma wakawa wachoyo."

Nifanye nini? Nikubali ya ami? Nirudie somo? Na mama nitamwambia nini, na kwa mdomo upi?

Daktari wa Jina,
Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu niliona mambo yameshikana na nilitaka kuyatenganisha.

Kuna jina, hili la daktari, ambalo hukujipa na sasa huwezi kulivua bila mtu kuumia. Kuna somo moja lenye alama 31 na 37. Na katikati yao ameingia ami na pesa zake na tarehe yake. Ukiyatazama kwa pamoja yanakuwa swali moja zito: niache au niendelee? Mimi naona ni mambo matatu, kila moja na wakati wake, na hofu yangu ni kwamba tarehe ya ami inakulazimisha uyajibu yote kwa neno moja.

Nianze na somo, kwa sababu hapo nyumbani hawawezi kukusaidia, na hata mimi nilihitaji msaada. Kemia yangu iliishia sekondari. Basi nilimsomea barua yako, bila kumtajia unakotoka, mhadhiri mmoja mstaafu aliyefundisha kemia ogani miaka mingi. Nilipofika pale pa kunakili mara kumi akanikatiza. "Huyu anasoma kemia ogani kama anahifadhi juzuu." Kuhifadhi ni sifa njema, nani asiyejua, na kwenye umetaboli kumekupa B yako. Lakini alisema Kemia Ogani ya Pili imetungwa makusudi kumkamata anayehifadhi. Mtihani huleta molekuli ngeni ili kuona kama umeelewa kwa nini mshale umeelekea pale ulipoelekea.

Kisha akauliza: "Hatua ya 4 ya glikolisisi anaijua?" Nikamwambia anazijua zote 10 huku anasukuma mkokoteni. Alicheka sana, halafu akanieleza jambo ambalo natamani ulisikie kwa sauti yake, lakini nitajaribu. Hatua ya 4 ni pale kimeng'enya aldolesi kinapoikata fruktosi yenye fosfeti mbili, kaboni zake 6 zikagawanyika vipande viwili vya kaboni 3. Kinachotokea pale ni mmenyuko wa aldoli unaokwenda kinyumenyume. Ule ule wa alama 20. Na ukifunga Ramadhani, ikifika alasiri tumbo likiwa tupu, ini lako linajitengenezea glukosi, na kimeng'enya hicho kinauendesha mmenyuko huo kwa upande wake wa mbele: kinaunganisha vile vipande viwili viwe kimoja. Kwa hiyo swali lililokushinda kwenye karatasi umelipatia B katika somo jingine, ila wewe uliyaweka kwenye madaftari mawili na hakuna aliyekwambia yanazungumzia kitu kimoja.

Alisema pia hivi, nami nanukuu nilivyoelewa. Usianze na "huu ni mmenyuko gani?" Anza na "elektroni zimejaa wapi, na zimepungua wapi?" Oksijeni ya kabonili, ile sehemu ambapo kaboni na oksijeni zimeshikana, ina uroho, inavuta elektroni kwake, na kaboni iliyoshikana nayo inabaki na upungufu. Kaboni ya jirani yake ikinyang'anywa hidrojeni na besi inabaki na ziada. Mshale unatoka penye ziada kwenda penye upungufu, siku zote, hata molekuli iongezwe mikia mingapi. Mkia na ile duara ni mapambo ya mtahini. Alitaka ufanye zoezi moja tu: chukua molekuli usiyoijua kutoka mtihani wa zamani, funga daftari, uweke alama ya kujumlisha penye upungufu na ya kutoa penye ziada kabla hujachora mshale wowote. Ukikosea, usinakili jibu. Tafuta ni wapi uliweka alama vibaya.

Siwezi kukuahidi kwamba ukifanya hivyo utapata 60. Huenda ukabadili njia na somo likabaki gumu, kuna watu wazuri tu ambao kemia ogani haikuwakubali na maisha yao hayakuharibika. Ninachouliza ni hiki: umelijaribu somo hili mara mbili, lakini kwa njia ngapi? Kama ni njia ile ile ukiongeza usiku na mafuta ya taa, basi 31 na 37 zinaeleza habari za njia kuliko zinavyoeleza habari zako. Mimi nisingethubutu kusema "kemia imenikataa" kwa ushahidi huo. Nenda idarani, omba kuiona karatasi yako iliyosahihishwa au angalau uonyeshwe alama za kila swali. Wengi huona haya kuomba. Alama 3 zilizokosekana zilikosekana mahali maalumu, na ukipajua utakuwa na habari bora kuliko uliyonayo sasa.

Umetaja insulini, nikamkumbuka Frederick Sanger, mwanasayansi Mwingereza. Baba yake alikuwa tabibu, na yeye alianza na nia ya kusoma udaktari kama baba, kisha akabadili mawazo. Chuoni Cambridge fizikia na hesabu zilimtesa, akaiacha fizikia akachukua fiziolojia, na sehemu ya kwanza ya shahada yake ilimchukua miaka 3. Baadaye akaingia biokemia. Ndiye aliyepanga moja baada ya nyingine asidi amino zote 51 za insulini ya ng'ombe, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1958, na nyingine tena mwaka 1980. Hakuwahi kumwandikia mgonjwa dawa. Simleti kwako ili nawe ufuate nyayo zake, maana Nobel haiji kwa kurudia somo. Namleta kwa sababu uliandika "wenzangu watavaa majoho nami bado nipo" kana kwamba mwaka wa ziada ni doa lisilotoka.

Sasa ami. Kwanza, nilimpenda ami yako. Hakufoka, hakukutangaza kwa mamako, ameweka pesa mezani. Wapo wengi wenye kuanguka mtihani ambao simu ya namna hiyo hawaipati. Na kazi anayoitaja ni kazi ya heshima. Katika zahanati na vituo vya afya vya nchi hii, mara nyingi anayekuona kwanza ukiugua ni afisa wa kliniki. Ni diploma ya miaka 3, kisha mwaka 1 wa mafunzo hospitalini kabla ya leseni. Ukimaliza, jirani akija na mashine inayosoma 14 utakuwa na jibu la kumpa, na labda hilo ndilo lililokuuma juzi kuliko kununa kwake. Kama ndivyo, lichukue kwa uzito.

Lakini angalia neno moja la ami: "mamako hataaibika." Afisa wa kliniki ni afisa wa kliniki. Huyo naye si daktari, ana mafunzo yake na mipaka yake kisheria. Mtaani wataendelea kukuita daktari, nawe utarudi palepale, unaitwa jina lisilo lako, isipokuwa safari hii umevaa koti. Kama sababu ya kwenda KMTC ni wagonjwa, hiyo ni sababu. Kama ni koti, shida uliyoniandikia itakufuata hadi wodini.

Hapo nina swali ambalo sina jibu lake, wewe unalo. Katika barua yako wagonjwa wametokea mara moja, na walikutisha. Kile kigae cheupe umekieleza hadi nikaona rangi ya chai. Msomaji mwenye haraka angesema basi umeshajijibu. Mimi nasita. Mtu anaweza kupenda jaribio moja la mwaka wa pili na asipende miaka 30 ya maabara, na mtu anaweza kumwogopa mgonjwa wa kwanza akampenda wa mia. Je, umewahi kushinda siku nzima katika kituo cha afya ukitazama tu? Na umewahi kukaa siku nzima kwenye maabara ya kazi, si ya chuo? Zote mbili unaweza kuziomba hapa hapa mjini kabla ya mwezi wa ami kwisha, kwa barua ya idara yako au hata kwa kujuana.

Nisikufiche hatari za kubaki. Biokemia ni elimu pana, na upana wake ndio ugumu wake sokoni, kwa sababu tangazo la kazi halikutaji kwa jina. Wengi hugutuka baada ya kuhitimu wakigundua kwamba shahada hiyo peke yake haikupi leseni ya kufanya kazi katika maabara ya hospitali. Leseni ile hutolewa na bodi ya wataalamu wa maabara za tiba kwa waliosomea kozi zao. Ni bora ulijue leo. Kwa upande mwingine Mombasa si mahali pabaya kwa mtu anayejua kupima. Mkemia wa Serikali ana tawi hapa. Shirika la utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake makuu yako hapa hapa. Bandari inapitisha mizigo inayohitaji kupimwa, na kuna viwanda vya mafuta ya kupikia, sabuni na saruji ambavyo haviuzi kitu kabla mtu wa maabara hajasema sawa. Nafasi si nyingi, na wanaozitaka ni wengi. Wapo pia wanaoongeza stashahada ya ualimu baada ya shahada wakafundisha kemia na biolojia. Sijui kama umewahi kujiona darasani, lakini mtu aliyenieleza ayodini vile usiku wa manane, hata mimi niliyeacha kemia zamani ningemsikiliza.

Hatari za kuondoka nazo zipo. Mkopo wa HELB haufutiki kwa kuacha chuo, utadaiwa hata bila shahada. Miaka mitatu hii haitahesabiwa sana kwingine, ni kuanza mwanzo. Na pesa zote zitakuwa za mtu mmoja aliye ng'ambo. Ami ni mwema, lakini kazi za Ghuba tunazijua, mkataba unaweza kukatika katikati ya mwaka. Muulize anapanga vipi mwaka wa pili na wa tatu. Kuuliza hivyo si kukosa adabu, ukiuliza kwa adabu.

Kuna na njia za kati ambazo hukuzitaja: kuomba kuahirisha masomo kwa muda huku unarudia kemia ogani taratibu, au kumaliza shahada kwanza ukaingia fani ya afya baadaye, ambayo ni safari ndefu na ya gharama. Ulizia pia kama HELB itakufuata kwenye mwaka wa ziada au la. Hilo usilijibiwe na makomredi wa hosteli, lijibiwe na ofisi yenyewe.

Nimemweka mama mwisho kwa sababu yeye ndiye uliyemwogopa zaidi, na sina hakika kama unamwogopa yeye au unaiogopa sura yake utakayoiona siku hiyo. Umeandika kwamba huitikia "nimeelewa" kisha akasema vingine kwenye simu. Umelichukulia hilo kama kutoelewa. Inawezekana. Inawezekana pia ameelewa tangu siku ya kwanza, na jina la daktari analishikilia kwa ajili ya wale wa upande wa pili wa simu. Mwanamke aliyefiwa na mume mtoto akiwa darasa la sita, akasomesha kwa karai la mafuta, huenda lile neno ndiyo mapumziko yake pekee mbele ya watu. Ukija kumnyang'anya neno bila kumpa jingine la kusema, atalirudia lile la zamani kesho yake. Basi mpe la kusema. "Binti yangu anasomea maabara, ndio wanaopima kama chakula na dawa ni salama." Hilo ni kweli na linasemeka harusini.

Usimweleze pale barabarani wateja wamejaa, wala usimngoje arudi amechoka. Unaijua siku ambayo hakaangi. Na ukimwambia, mwambie kuanguka kwako na ahadi ya ami pamoja, kwa kikao kimoja. Akisikia la kuanguka kwako leo, na la ami kutoka kwa binamu yako wiki ijayo, kitakachomuuma ni kwamba alijua wa mwisho. Huyo binamu, naomba unisamehe, ulimi wake haukai.

Huenda akalia. Huenda akasema uende KMTC mara moja, na utakuwa na shida mpya ya kumkatalia au kumkubalia. Huenda pia akakushangaza. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hamjawahi kuyazungumza haya mkamaliza.

Kwa jirani ulifanya sawa kabisa, na angalau pale huna haja ya kulaumiwa na mtu. Mwenye sukari ya 14 anahitaji anayejua historia yake na dawa zake, na kumbahatishia kidonge kungeweza kumwangusha usiku. Nenda kamjulie hali. Muulize kama alifika kliniki, na kama hakwenda, jitolee kumsindikiza. Uchoyo aliousema utaisha kwenye foleni mkiwa mmekaa pamoja.

Kwa ami, usisubiri siku ya mwisho wa mwezi ukatoa jibu la haraka ili tu tarehe isipite. Mpigie wiki hii. Mshukuru, mwambie ukweli wa alama zako kwa kinywa chako, umweleze kwamba utakwenda kushinda siku katika kituo cha afya na siku nyingine maabara, na umuulize mambo mawili: kama nafasi inaweza kungoja awamu inayofuata ya kujiunga, na kama moyo wake ungekuwa radhi kusaidia mwaka wa ziada wa biokemia endapo utachagua hivyo. Hujui atajibu nini, kwa sababu alichokupa ni ahadi moja na hukumuuliza nyingine. Akikuambia hapana kwa yote mawili, niandikie tena, na uniambie pia lile swali la aldoli lilikupotezea alama ngapi kati ya 20.